Matokeo yarudi shehiani

Somo la mbinu za utafiti huwa nalianza kwa swali. Kabla ya sampuli, kabla ya nadharia, kabla hatujagusa namna ya kuandika dodoso, nawauliza wanafunzi: nani kati yenu kwao wamewahi kuja watu na madodoso? Mikono inayobaki chini huwa michache. Mmoja atasema walikuja watu wa malaria wakawatoa damu kidoleni nyumba nzima. Wa Nungwi atasema waliulizwa habari za hoteli na wageni. Wa Micheweni atasema waliulizwa wanakula milo mingapi kwa siku. Wa Paje atasema mama yake ameulizwa habari za mwani mpaka majibu anayajua kwa moyo. Hapo naongeza swali la pili: nini kilirudi? Nani alikuja baadae akakaa na watu barazani akawaambia, tuliwauliza mambo haya, na haya ndiyo tuliyoyaona? Darasa hunyamaza.

Nafundisha chuo kikuu hapa Unguja, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kusimamia tasnifu za wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Nimefika pahala pa kuamini kwamba tasnifu ambayo haikurudi kwa watu walioitolea majibu haijesha, hata kama imefungwa jalada gumu na mwenyewe ameshavaa joho. Wenzangu wengi wananiona nakaza sana. Makala hii ni ya kueleza kwa nini nakaza.

Visiwa vyetu vimetafitiwa sana. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na kila mtafiti anajua faida ya kisiwa kidogo: bahari imekizunguka, na jambo likifanywa kila kona, athari yake inaonekana wazi. Ndivyo mbung'o walivyomalizwa Unguja. Kuanzia 1994, mbung'o madume waliofugwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi walimwagwa kwa ndege juu ya misitu na mashamba yetu, mamilioni kwa mamilioni. Majike wakapandwa na madume wasiozalisha, kizazi kikakatika. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na wafugaji ambao ng'ombe wao walikuwa wakidhoofika na kufa kwa nagana, maradhi yanayoletwa na mbung'o, wakapumua. Wataalamu wa wadudu duniani wanautaja mfano wa Unguja kama mfano wa kufuatwa. Wanafunzi wangu waliozaliwa huko huko shamba, ndege zilikopita, wengi wao wanausikia kwa mara ya kwanza kwangu.

Mfano ninaokaa nao muda mrefu zaidi darasani ni wa Pemba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ushauri uliokubalika duniani ulikuwa kwamba watoto wadogo wa nchi zenye upungufu mkubwa wa damu wapewe madini ya chuma na asidi ya foliki kila siku. Ushauri ule ulikuwa na mantiki yake: damu inahitaji chuma, watoto hawana damu, basi wapewe chuma. Kilichokuwa hakijapimwa kwa utafiti mkubwa ni kama kufanya hivyo kunaokoa maisha pahala ambapo malaria haina msimu. Pemba ya wakati ule ilikuwa pahala hapo. Watoto zaidi ya 24,000, wa kuanzia mwezi 1 hadi miezi 35, waligawiwa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. La kwanza lilipewa chuma na foliki, la pili likaongezewa zinki juu yake, na la tatu likapewa kidonge kisicho na dawa. Wazazi hawakujua mtoto wao yumo kundi gani, na waliokuwa wakigawa dawa pia hawakujua.

Agosti 2003 makundi mawili yenye chuma yalisimamishwa. Kamati iliyokuwa ikifuatilia usalama wa watoto iliona kwamba waliopewa chuma walikuwa wakilazwa hospitali au kufa zaidi kuliko wenzao, kwa asilimia 12. Matokeo yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 2006, na miongoni mwa walioyaandika walikuwamo Wazanzibari. Baada ya hapo ushauri wa Shirika la Afya Duniani ukabadilika: penye malaria, mtoto asipewe chuma hivi hivi bila kinga na tiba ya malaria. Ndani ya utafiti huo huo kulikuwa na kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu zaidi, na humo watoto waliokuwa kweli na upungufu wa chuma walifaidika na dawa. Kwa hiyo hakuna aliyesema chuma ni sumu. Kilichogundulika ni kwamba dawa njema, ikitolewa kwa watoto wote bila kupima, penye malaria, inaweza kudhuru.

Nikiwa na darasa zuri, natumia kipindi kizima kwa jedwali moja la utafiti huu. Naliandika ubaoni, naacha walisome wenyewe, kisha nauliza: mngekuwa nyinyi kwenye ile kamati, mngesimamisha lini? Mngengoja vifo vingapi ili muwe na uhakika? Hapo wanafunzi wanaelewa kwa nini tunahangaika na kundi la kulinganisha, kwa nini bahati nasibu, kwa nini nia njema haitoshi. Miaka ya mwanzo ya 2020 wanafunzi wa Pemba waliokuwa mbele yangu walikuwa rika moja na watoto wale. Mwanafunzi mmoja wa Wete aliniuliza, "Maalim, kwa hiyo ni watoto wa Pemba waliobadilisha dawa ya watoto wa dunia?" Nikamwambia ndiyo, wao na mama zao waliokubali. Akauliza kwa nini hakuwahi kulisikia hilo skuli. Swali hilo linatuhusu sisi tunaofundisha, na jawabu lake ni kazi. Utafiti ule ulipaswa kuwamo katika vitabu vya sayansi vya sekondari Pemba na Unguja, na mama waliowapeleka watoto wao kwenye jambo lile walistahiki kuambiwa mara kwa mara kwamba uamuzi wao ulifika mbali.

Haina maana kwamba watafiti wote walikuja, wakachukua, wakaondoka. Utafiti mkubwa wa kichocho ulioanza mwaka 2011 uliingia katika shehia, yaani maeneo yanayoongozwa na masheha, 45 za Unguja na 45 za Pemba, na katika sehemu ya shehia hizo wanakijiji na walimu walikaa na watafiti kupanga njia za kuwatoa watoto kwenye mito na madimbwi yenye konokono wa kichocho. Mwanajamii akishaingia kwenye kupanga, matokeo hayamfikii kama khabari ngeni. Vile vile Dkt. Flower Msuya, mtafiti wa mwani aliyefanya kazi na Taasisi ya Sayansi za Bahari, alishinda na wakulima miaka mingi, kuanzia kujaribu kupanda kwenye maji ya kina zaidi hadi kutengeneza sabuni za mwani. Ukitaja jina lake kwa wakulima wa mwani, utaambiwa habari zake kama za mtu wa nyumbani.

Zamani tulikuwa na udhuru. Vyuo vikuu Zanzibar ni vichanga: Chuo Kikuu cha Zanzibar cha Tunguu kilianza 1998, na Chuo Kikuu cha Taifa kiliundwa kwa sheria ya 1999, kikaanza kusomesha 2001. Kabla ya hapo aliyekuja na dodoso mara nyingi alitoka ng'ambo ya bahari, na akishapanda boti ndiyo basi. Sasa mtafiti ni mtoto wa shehia. Anamuuliza shangazi yake maswali. Jumamosi anatoka chuo, anapanda gari ya shamba, anashuka mbele ya nyumba ya sheha aliyempigia muhuri barua yake ya ruhusa. Mtu huyo akishindwa kurudi na matokeo, hana bahari ya kuisingizia.

Nitasimulia kazi moja, kwa sababu ilinionesha kwamba kurudi kuna faida kwa utafiti wenyewe, mbali na adabu.

Kijana wangu mmoja wa Kusini alikuwa akiandika tasnifu juu ya kipato cha wakulima wa mwani. Mwani wa biashara ulianza kupandwa kwetu mwaka 1989, pwani ya mashariki ya Unguja, kwa mbegu za kutoka Ufilipino, na tangu mwanzo kazi hiyo imeshikwa zaidi na wanawake. Kijana aliandika dodoso safi, mimi nikalipitia, kamati ikalipitisha. Swali lake kuu liliuliza: kwa mwezi unapata shilingi ngapi kutokana na mwani? Wanawake walijibu, yeye akaandika, akaingiza kwenye kompyuta, akatoa wastani wenye desimali mbili. Sura ya nne, ya matokeo, ilipendeza.

Nilimtaka arudi kijijini na ukurasa mmoja kwa Kiswahili kabla hajafunga jalada. Tukakutana na wakulima kwenye darasa la skuli, jioni, maji yalipokuwa yamejaa na hakuna kazi ya pwani. Walikaa kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, wengine na vikapu vyao. Kijana akaandika wastani wake ubaoni, akaeleza maana yake. Bibi mmoja aliyekaa mbele akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza:

"Mwanangu, mwezi upi huo?"

Kijana akasema mwezi wowote, Bibi, ni wastani.

"Hakuna mwezi wowote," akasema. "Sisi hatuendi pwani kila siku. Tunakwenda bamvu, siku maji yanapotoka sana. Maji mafu hatuendi, maji hayatoki. Mwani nikiufunga bamvu hii, nauvuna baada ya wiki sita hivi, Mungu akipenda. Sasa wewe umenikuta nimeshauza, nikakwambia nilichouza. Mwenzangu huyu umemkuta ndiyo kwanza anafunga taitai, vikamba vya mwani, akakwambia hapati kitu. Ukatuchanganya."

Mwenzake akadakia kwamba wakati wa masika mwani hata ukivunwa haukauki, mvua inautia ukungu na mnunuzi anaukataa. Mwengine akasema kaskazi maji yanakuwa moto, mwani unakuwa mweupe na kukatika, na ndiyo sababu kotonii, mwani wenye bei nzuri, wameuacha karibu wote wakabaki na aina nyengine, spinosamu. Ndani ya muda mfupi chaki ilikuwa mikononi mwao. Wakachora mstari mrefu, wakagawa kaskazi, masika, kusi na vuli, wakatia alama bamvu zinazofaa na zisizofaa, na chini yake wakaandika kila wakati pesa ya mwani inakwendea wapi: sare za skuli, chakula cha Ramadhani, mabati. Walibishana. Mmoja alifuta cha mwenzake na kuandika upya. Kijana alikuwa amesimama pembeni na simu yake anapiga picha ubao.

Mstari ule ulikuwa na elimu kuliko sura yake nzima ya nne. Takwimu zake zilikuwa za kweli kila moja kwa peke yake, lakini zilijumlishwa juu ya kipimo ambacho kwa watu wale hakipo. Hakuna programu ya kompyuta ingemwambia. Msomaji wa ndani asingemwambia, wala msomaji wa nje. Aliambiwa na mtu aliyesimama kiunoni kwenye maji tangu ujana wake, na aliambiwa kwa sababu alirudi. Aliandika sura upya kwa misimu na bamvu. Alichelewa kukabidhi, na kazi aliyoikabidhi naipa wanafunzi wa leo waisome.

Tangu hapo nimeona mambo kama hayo kwenye karafuu, kwenye uvuvi wa pweza, kwenye habari za watoto wanaoacha skuli. Sitayaeleza yote.

Kurudi nako kuna ugumu wake, na hili linataka kufikiriwa zaidi kuliko tunavyofanya. Shehia zetu ni ndogo. Kitabuni unaandika "mhojiwa namba 7, mwanamke, miaka 43, mjane, muuza vitumbua", unaamini umemficha. Soma sentensi hiyo barazani kwake uone kama kuna mtu asiyemjua. Mwanafunzi wangu mmoja alitafiti vikundi vya kuweka na kukopa vya akina mama, akakuta kisa cha mwanachama aliyeshindwa kulipa mpaka akauza mbuzi wake kwa siri. Kwenye tasnifu kisa kilikaa vizuri sana, kilibeba hoja yake yote. Siku ya kupanga mkutano wa kurudisha matokeo nikamuuliza: utakisema? Akafikiri, akasema hapana, kijiji kizima kitajua ni nani. Nikamuuliza tena: na kwenye kitabu, kitakachokaa maktaba miaka yote, ambapo mtoto wa mwanachama huyo anaweza kuja kusoma chuo hiki hiki? Akarudi akakiondoa, akaandika hoja ile kwa njia nyengine. Kabla ya hapo sikumbuki darasa lolote lililotufundisha siri ya mhojiwa kwa uzito ule. Tunawasainisha watu fomu za ridhaa na tunahesabu kwamba maadili yamekwisha. Maadili ya kwetu yana kipimo kingine pia: je, unaweza kuyasoma maandishi yako mbele ya waliokupa maneno, na kila mmoja akatoka pale na heshima yake?

Na yapo matokeo ambayo wenyewe hawatayapenda. Ukikuta kwamba watoto wa kike wa shehia fulani wanaachishwa skuli ili waolewe, utakwenda kusema nini mbele ya wazee? Mimi nawafundisha kwenda kwanza kwa sheha na mwalimu mkuu, kisha kwa akina mama peke yao, kisha kwa wazee wa msikiti, na kusema kile kile kwa wote, ila kwa mpangilio unaompa kila mtu nafasi ya kusikia bila kufedheheka. Njia hii inachukua muda. Ila nimewahi kumuona mzee akisimama kusema hesabu ile ni ya kweli na inamuuma, na kauli yake ilifanya kazi kuliko mapendekezo yote ya sura ya tano.

Sasa niseme ya ofisini. Sababu wanazonipa wenzangu ni za kweli. Mwanafunzi hana nauli ya kwenda mara mbili, hasa aliyetafiti Pemba akiwa anasoma Unguja. Muhula ni mfupi. Msimamizi mmoja ana wanafunzi wengi. Mhadhiri mwenyewe anapandishwa cheo kwa makala alizochapisha kwenye majarida, na mkutano wa skuli ya kijiji hauhesabiwi kitu. Tasnifu nyingi zinaandikwa kwa Kiingereza wakati mahojiano yote yalifanywa kwa Kiswahili, kwa hiyo kurudisha maana yake ni kuandika tena. Nakubali yote. Lakini angalia tunavyopata muda wa mengine. Tunapata muda wa kusahihisha nafasi ya nukta kwenye marejeo. Tunapata muda wa kurudisha kazi kwa sababu ukingo wa ukurasa umepungua nusu sentimita. Chuo kikitaka jambo, linapata siku zake kwenye kalenda na alama zake kwenye jedwali la kusahihishia.

Ninachokitaka si kikubwa. Ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha mtu wa kawaida, bila majedwali mazito. Mkutano mmoja, hata wa watu kumi. Nakala ibaki kwa sheha, nyengine kwenye skuli ya karibu. Pale mwanafunzi asipoweza kusafiri, apige simu kwa sheha na ukurasa utumwe. Simu imefika kila pahala na hata hilo ni bora kuliko kimya. Na ndani ya tasnifu iongezwe sehemu fupi: watu walisema nini tulipowasomea, na kipi tumebadilisha kwa sababu yao. Sehemu hiyo ipewe alama kama zinavyopewa sura nyengine.

Pendekezo nimelipeleka kwenye idara. Kikao cha kwanza kiligawanyika. Waliopinga walihofia kwamba wanakijiji watamlazimisha mwanafunzi kubadili matokeo wasiyoyapenda, na hoja hiyo ni nzito. Niliwajibu kwamba kusikiliza kunabaki kusikiliza: mwanafunzi anaandika walichopinga, anaeleza kwa nini amekubali au amekataa, na msomaji anaona pande zote mbili. Mwenzetu wa takwimu, ambaye nilidhani atapinga, ndiye aliyetaka iandikwe kwamba idadi isibadilishwe bila kurudi kwenye data, na kifungu hicho tumekitia. Tumekubaliana tujaribu kwa wanafunzi wanaotafiti mwaka huu Kaskazini na Kusini Unguja, na kwa Pemba tuwaombe wahadhiri waliopo huko wasimamie mikutano ili nauli isiwe kikwazo. Barua za masheha zimeshaandikwa, na safari hii zina tarehe mbili: ya kuja kuuliza na ya kuja kujibu.